Ujumbe ni bure, lakini nani anachunga mlango? Somo la Pidgin kwa wenye simu mashariki mwa Kongo

Kila siku watu wa Goma, Bukavu, Bunia, Uvira na Kalemie wanatuma ujumbe ku simu, na kitu wanacholipa ni mega tu. Programu yenyewe ni bure. Wachache wanajiuliza nani aliiandika, nani anaitengeneza inapoharibika, na nani anaangalia kama hakuna mwizi ndani. Katika historia ya ujumbe wa intaneti, sehemu ya kazi hiyo ilifanywa na watu waliojitolea, wengi bila mshahara. Kazi yao imewapa walimwengu ulinzi mkubwa. Lakini mwaka wa 2024 programu moja ya zamani, Pidgin, ilionyesha pia udhaifu wake: mwizi aliingia ku orodha yake, na akakaa humo siku 41.

Salongo ya kode

Kwanza sherti kueleza neno moja. Kila programu ya simu ao ya ordinateri imeandikwa na watu, kwa maandishi ambayo mashini inafuata mstari kwa mstari. Maandishi hayo yanaitwa kode. Makampuni mengi yanaficha kode yao, kama vile mama muuza maandazi anavyoficha namna yake ya kukanda unga. Programu za kode wazi zinafanya kinyume. Kode yote inawekwa mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuisoma, kuinakili, kuikosoa na kuitengeneza, mradi afuate masharti ya leseni yake.

Watu wa huku wanaweza kulielewa jambo hilo kupitia salongo. Siku ya salongo, kila nyumba inatoa mtu, na kanivo ya avenue inazibuliwa. Hakuna anayelipwa, na siku mvua inanyesha wote wanafaidika, hata yule aliyebaki kitandani. Programu ya kode wazi inajengwa namna hiyo. Mmoja anatengeneza kosa dogo, mwingine anatafsiri, mwingine anaandika maelezo ya kutumia, mwingine anajibu maswali ya watu ambao mashini yao imekataa kufunguka.

Lakini kuna tofauti moja kubwa na kanivo. Katika programu, mtu hawezi kuja na koleo lake na kuchimba anapotaka. Anayetaka kubadilisha kitu anatuma pendekezo lake. Watunzaji wa programu, ambao ni wachache, wanalisoma, wanalijaribu, kisha wanalikubali, wanalikataa ao wanamrudishia mwenyewe alitengeneze tena. Kila badiliko linaandikwa pamoja na jina la aliyelileta na tarehe. Hao watunzaji njo walinzi wa mlango. Nguvu yote ya kode wazi inategemea kama mlinzi yuko macho, na kama ana wakati wa kusoma kile kinachopita mbele yake.

Programu iliyozika makampuni

Pidgin haikuzaliwa na jina hilo. Mwaka wa 1998, mwanafunzi wa Marekani, Mark Spencer, aliandika programu aliyoiita Gaim. Wakati huo kampuni AOL ilikuwa na huduma ya ujumbe iliyopendwa sana, ila watu wa ordinateri za Linux hawakuhudumiwa vizuri. Spencer aliandika programu ya kuwaingiza, akaweka kode yake wazi. Baadaye alienda kwenye kazi nyingine, na wengine wakaendelea.

Wenye kujitolea waliongeza huduma nyingine moja kwa moja: MSN, Yahoo, ICQ, Jabber. Mtu mwenye akaunti nne hakuhitaji tena kufungua programu nne, moja ilitosha kwa zote. Kazi hiyo haikuwa rahisi. Makampuni mengine hayakutoa maelezo ya namna serva zao zinavyozungumza, kwa hiyo watu hao walisikiliza, wakajaribu, wakakosea, wakaanza upya. Siku kampuni inabadilisha kitu kidogo ku serva yake, ujumbe unakatika, na wanaoulizwa ni wale wasiolipwa.

AOL ililalamika pia juu ya jina, kwa sababu lilikaribia jina la huduma yake, AIM. Mabishano ya wanasheria yalichukua miaka. Mwezi wa ine 2007 Gaim ikabatizwa upya na kuitwa Pidgin. Wenye kujitolea walitengeneza pia shirika dogo lisilotafuta faida, Instant Messaging Freedom, ili mtu mmoja asiburuzwe peke yake mahakamani.

Leo mtu akitazama nyuma anakuta jambo la ajabu. Microsoft ilifunga MSN Messenger kwa watu wengi mwaka wa 2013. AIM ya AOL ilizimwa tarehe 15 mwezi wa 12, 2017. Yahoo Messenger ilizimwa mwezi wa saba 2018. ICQ, moja ya huduma za zamani kabisa, ilizimwa mwezi wa sita 2024. Makampuni hayo yalikuwa na majengo, wafanyakazi na mamilioni ya dola. Huduma zote ine zimekufa, lakini Pidgin, iliyobebwa na watu wa saa za jioni na za siku ya posho, bado inatembea.

Sababu yake iko ku mizania. Kampuni inafunga huduma siku isipoona tena faida ndani yake. Mwenye kujitolea hana mizania ya kumfukuza. Anabaki kwa sababu anaitumia programu mwenyewe, ao anapenda kazi, ao anaona ni haki watu wawe na njia ya kuzungumza isiyo mali ya tajiri mmoja.

Lakini mtu asiyelipwa pia haamrishwi. Mwaka wa 2008, watunzaji wa Pidgin walibadilisha kisanduku cha kuandikia ujumbe: kikawa kinajipanua chenyewe, na mtumiaji hakuweza tena kukivuta kwa mkono wake. Jambo dogo, lakini watu walikasirika sana. Watunzaji walishika msimamo wao. Mwishowe kundi moja lilichukua kode yote na kutengeneza programu yake pembeni, iliyoitwa Funpidgin na baadaye Carrier. Haikuishi muda mrefu. Tukio hilo lilionyesha sura mbili za kode wazi: wakubwa wa programu hawawezi kukufungia ndani, ila ukitoka sherti ubebe mzigo mwenyewe, na mzigo ni mzito.

Njia iliyofika mpaka WhatsApp

Msomaji wa Butembo ao wa Baraka anaweza kuuliza: Pidgin ni ya ordinateri, mimi natumia WhatsApp ku simu, hiyo inanihusu nini? Inamhusu, tena karibu sana.

Mwaka wa 2004, watafiti watatu, Nikita Borisov, Ian Goldberg na Eric Brewer, waliandika namna mpya ya kufunga ujumbe waliyoiita Off-the-Record, kwa kifupi OTR. Wazo lao lilikuwa hivi: ujumbe ufungwe tangu kwa anayetuma mpaka kwa anayepokea, ili hata mwenye serva asiweze kuusoma. Tena funguo zibadilike kila mara, ili mtu akikamata ufunguo wa leo asiweze kufungua mazungumzo ya jana. Wazo hilo halikubaki ku karatasi. Lilitolewa kama kipande cha kuongeza ku Gaim, na watu wa kawaida wakaanza kulitumia.

Mwaka wa 2013, Edward Snowden alipotoboa siri za upelelezi wa Marekani, OTR ilikuwa kati ya vyombo alivyotumia kuzungumza na wandishi wa habari. Mwisho wa 2014, gazeti Der Spiegel la Ujerumani lilitangaza karatasi za siri za NSA, shirika la upelelezi la Marekani. Ndani yake ilionekana kwamba hata shirika hilo kubwa lilishindwa kufungua ujumbe wa OTR lililokuwa limeunasa.

Wazo hilo likaendelea kusafiri. Moxie Marlinspike na Trevor Perrin walilichukua, wakalipanua na kulipanga kwa ajili ya simu, ambapo rafiki yako anaweza kuwa hana rezo wakati unamwandikia. Hapo njo ilitoka programu Signal, nayo pia ya kode wazi. Mwezi wa ine 2016, WhatsApp ilitangaza kwamba imemaliza kuweka namna hiyo ya kufunga ujumbe ku simu za watu wake wote.

Kwa hiyo mama wa Uvira anapomtumia mtoto wake wa Lubumbashi sauti ku WhatsApp, ufunguo unaofunga sauti hiyo una babu yake katika kipande kilichotolewa bure kwa programu ya wenye kujitolea, mwaka wa 2004. Kampuni yenye mabilioni ilichukua tunda la shamba ambalo haikulima peke yake. Hilo haliko kinyume cha sheria, kwa sababu kazi iliwekwa wazi ili itumike. Lakini linafaa kujulikana, maana watu wengi wanaamini kwamba usalama wao ni zawadi ya kampuni.

Siku 41 za mwizi

Pidgin ina orodha ya vipande vya kuongeza vilivyoandikwa na watu wa nje. Watunzaji hawaviandiki, wanaweka tu jina na njia ya kuvipata. Tarehe 6 mwezi wa saba 2024, kipande kimoja kiliongezwa ku orodha hiyo kwa jina ss-otr. Kilisema kinasaidia watu kuonyeshana ekrani zao kwa usalama. Jina lenyewe lilivaa nguo ya heshima, kwa sababu lilibeba zile herufi tatu, OTR, ambazo watu wanaamini.

Tarehe 16 mwezi wa nane, mtumiaji mmoja aliwaandikia watunzaji: kipande hiki kinaandika kila herufi ambayo mtu anapiga ku klavie, na kinatuma picha za ekrani kwa watu wasiojulikana. Watunzaji walikiondoa mara moja na kuanza kuchunguza. Tarehe 22 mtaalamu mwingine akathibitisha kwamba ni kweli. Kampuni ya usalama ESET nayo ilichunguza na kukuta kwamba kipande hicho kinaweza kuleta programu nyingine za wizi ndani ya ordinateri ya mtu, na kwamba kilikuwa na sahihi halali iliyotolewa kwa jina la kampuni ya Poland. Kilikuwa kama mtu mwenye karatasi zote za safari, zenye mihuri yote, kumbe amebeba kisu.

Mwizi alipitia wapi? Watunzaji wenyewe walieleza bila kuficha. Kipande hicho hakikuleta kode yake. Kilileta kifurushi kilichofungwa tayari, ambacho mtu anaweza kukifungua na kukitumia lakini hawezi kukisoma ndani. Hakuna aliyeliona hilo siku kinaongezwa. Baada ya tukio wakatangaza sheria mpya: kila kipande kitakachoingia ku orodha sherti kiwe na leseni ya kode wazi inayotambuliwa, na kichunguzwe kwanza.

Hapa mtu asifanye haraka ya kuhukumu. Wengine watasema: mnaona, kazi ya wenye kujitolea si ya kuaminika. Lakini lililotokea linasema jambo lingine. Kode ya Pidgin yenyewe haikuguswa. Aliyepita ni yule aliyekataa kuonyesha kode yake, katika nyumba ambamo wengine wote wanaonyesha. Aliyepiga kelele alikuwa mtumiaji, hakuwa mfanyakazi wa kampuni yoyote. Na watunzaji walipojua walisema wazi mbele ya watu wote, na tarehe zote. Makampuni mengi yanayopatwa na jambo kama hilo yananyamaza kwanza.

Hata hivyo siku 41 ni nyingi. Anayeandika jina la mtu aliyempa habari, ao mahali ambapo familia imejificha, anahitaji dakika moja tu ya kusomwa na adui ili aharibikiwe. Mlango ulikuwa wazi kwa kila mtu kuuangalia, lakini kwa wiki zaidi ya tano hakuna aliyeuangalia.

Mchovu hawezi kulinda

Swali linarudi kwa wakati na pesa. Pidgin ilikuwa na mamilioni ya watumiaji miaka ya 2000, lakini watu wanaofanya kazi yake kila siku hawakuwa wengi, na leo ni wachache zaidi. Toleo lake la tatu limechukua zaidi ya miaka kumi, na mwanzoni mwa 2025 lilikuwa bado la majaribio. Hakuna wa kulaumiwa. Mtu mwenye kazi, watoto na kodi ya nyumba anatoa saa alizo nazo.

Njia mbalimbali zimejaribiwa ili wenye kujitolea wapate kitu. Mwaka wa 2005, Google ilianza kulipa wanafunzi kufanya kazi ya kode wazi wakati wa likizo yao, na Gaim ilikuwa kati ya programu za kwanza kupokea wanafunzi hao. Mwezi wa 12, 2013, watu wa Signal walianzisha mfuko ulioitwa BitHub: kila badiliko lililokubaliwa ndani ya kode lilimpa mwenye kulileta asilimia 2 ya pesa zilizokuwa ku mfuko. Lilikuwa jaribio zuri, lakini watu wa kupokea na kuchunguza sherti walipwe kila mwezi, na kikapu cha michango hakiwezi kubeba hilo.

Signal ilichukua njia nyingine. Mwaka wa 2018 Brian Acton, mmoja wa waanzilishi wa WhatsApp, alitoa dola milioni 50 na shirika lisilotafuta faida likaundwa. Mwaka wa 2023 shirika hilo lilitangaza hesabu zake: lilitazamia kwamba kufika 2025 litahitaji karibu dola milioni 50 kila mwaka. Karibu dola milioni 6 kwa mwaka zilikuwa zinaenda ku kazi moja tu, kutuma zile namba ndogo za SMS ambazo mtu anapokea anapofungua akaunti. Msomaji akiona hivyo ataelewa neno «bure» lina uzito gani. Kama mtumiaji halipi, mwingine analipa, kwa dola zake ao kwa usingizi wake.

Pesa za serikali nazo zina hatari yake. Mfuko wa Marekani unaoitwa Open Technology Fund ulisaidia Signal katika miaka yake ya kwanza, pamoja na programu nyingine nyingi za usalama. Mwezi wa tatu 2025, utawala mpya wa Washington ulijaribu kuukatia pesa, na mfuko ukaenda mahakamani. Programu ambazo watu wa mbali wanategemea wakati wa vita ziliyumba kwa sababu ya uamuzi uliofanywa katika biro ya nchi nyingine.

Jambo hili lina uzito gani mashariki mwa Kongo

Huku, rezo haina uhakika. Mwezi wa kwanza 2015, serikali ilikata intaneti wakati wa maandamano juu ya sheria ya uchaguzi. Baada ya uchaguzi wa tarehe 30 mwezi wa 12, 2018, nchi nzima ilikaa karibu wiki tatu bila intaneti. Mwezi wa kwanza 2025, wakati wa mapigano ya Goma, umeme na intaneti vilikatika siku ambazo watu walihitaji zaidi kujua ndugu zao wako wapi.

Kwa siku kama hizo kuna programu ya kode wazi inayoitwa Briar, ya simu za Android, iliyotoka rasmi mwaka wa 2018. Rezo ikikatika, inapitisha ujumbe kwa Bluetooth ao kwa Wi-Fi kati ya simu zilizo karibu, hata kwa kadi ya memoire inayobebwa mkononi. Haina serva ya kati ya kukatwa. Lakini watu sherti waelewe mipaka yake: Bluetooth haivuki mtaa mzima, wote wawili wanahitaji kuwa na programu ku simu zao, na inakula batri. Tena hakuna programu inayomlinda mtu ambaye simu yake imechukuliwa mkononi ikiwa wazi.

Hatari ya kila siku iko mahali pengine. Katika miji na vijiji, vijana wanapitishiana zile WhatsApp zilizobadilishwa, kama GB WhatsApp, kwa Bluetooth ao kwa kadi, kwa sababu zina rangi nzuri na zinaficha kwamba mtu amesoma ujumbe. Kampuni ya WhatsApp inasema haizikubali, na inaweza kufunga akaunti ya anayezitumia. Lakini tatizo kubwa ni lile lile la ss-otr: ni kifurushi kilichofungwa, hakuna anayejua aliyekifunga ni nani, na kode ya ndani haionekani. Anayekiweka anampa mtu asiyemjua ufunguo wa mazungumzo yake yote. Mjanja hahitaji kuvunja lile funguo ambalo NSA ilishindwa. Anangojea tu mtu amfungulie mwenyewe.

Mchango ambao hauhitaji diploma

Watu wengi wanafikiri kwamba kuchangia programu ni kazi ya mafundi wa informatiki paka. Kumbe kazi nyingi inayokosa watu haiombi kuandika kode.

Ya kwanza ni kutoa taarifa ya kosa. Kusema «programu yenu haitembei» hakumsaidii fundi. Taarifa nzuri inaeleza simu ni ya aina gani, Android ni ya namba ngapi, mtu alifanya nini hatua kwa hatua, na ekrani ilionyesha nini. Waandishi wengi wa programu wanaishi mahali ambapo simu ni mpya na rezo haikatiki. Hawawezi kujua namna programu yao inavyokwama ku simu ya dola 50 yenye nafasi ndogo, kwenye kilima cha Masisi ao pembeni ya ziwa Tanganyika, mpaka mtu wa huko awaambie.

Ya pili ni lugha. Programu nyingi zina Kiswahili, lakini mara nyingi ni Kiswahili cha Nairobi ao cha Dar es Salaam. Neno «nenosiri» ni zuri, ila huku wengi wanasema «mot de passe», na mtu anayekutana na «nenosiri» kwa mara ya kwanza wakati ana haraka na woga anaweza kubonyeza mahali pabaya. Onyo la usalama lisiloeleweka ni sawa na onyo ambalo halikutolewa. Programu nyingi za kode wazi zina mahali ambapo mtu yeyote anaweza kupendekeza tafsiri, na mwalimu wa shule ya msingi anayejua vizuri Kiswahili na Kifaransa anaweza kufanya kazi hiyo kupita mhandisi.

Ya tatu ni kufundisha jirani: wapi pa kuchukua programu, namna ya kuweka toleo jipya, namna ya kuhakikisha kwamba unayezungumza naye njo mwenyewe.

Hata hivyo sherti kusema ukweli. Kujitolea kuna bei. Kijana wa Bunia anayetaka kuchangia ananunua mega kwa pesa yake, anangojea umeme urudi, na pengine nyumbani wanamuuliza kazi hiyo inaleta nini mezani. Si haki kumlaumu asiyeweza. Lakini vyuo vikuu, vituo vya vijana na mashirika yenye koneksio na jenereta yanaweza kufungua milango yao jioni moja kwa wiki kwa kazi kama hii. Kwa mwanafunzi kuna faida ya kweli: kila badiliko linabaki wazi na jina lake, na siku anatafuta kazi anaweza kuonyesha kitu ambacho kila mtu anaweza kukisoma.

Na kwa yule asiye na wakati wa kuchangia, yabaki maswali matatu ya kujiuliza mbele ya kuweka programu yoyote ya ujumbe ku simu. Nani aliiandika, na je anajulikana? Kode yake iko wazi, ao ni kifurushi kilichofungwa? Na je, kuna watu wanaoiangalia leo, ao toleo lake la mwisho ni la miaka mingi iliyopita? Asiyeweza kujibu mwenyewe aulize fundi anayemwamini, mbele ya kubonyeza.